Mwalimu Sikujua na Urithi wa Muyaka

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya, akaziandika kwa hati za Kiarabu na kumfafanulia mmisionari W. E. Taylor maneno magumu. Sikujua alifariki mwaka 1890; diwani ikahaririwa na William Hichens mwaka 1940.

Erasmus wa Rotterdam husifiwa kwa kuhariri maandiko ya kale ya Kigiriki. Kazi ya Sikujua ni ya jinsi hiyo, lakini wahariri wa kigeni ndio wanaotajwa zaidi. Ikiwa mkazi wa Tabata, mbali na Mombasa, aweza leo kumsoma Muyaka, basi amjue na Sikujua. Jina lake lisiwe udhuru wetu.