Amri ya Kukaa Nyumbani na Wavuja Jasho wa California



Mmenitaka nizungumze juu ya namna serikali inavyowaongoza raia na wenye biashara wakati wa maradhi ya kuambukiza. Nimechagua jimbo la California, huko Marekani, kwa kuwa ni jimbo tajiri, na wengi wetu hudhani kwamba penye utajiri kila mwongozo hutiiwa bila taabu.

Tarehe 19 Machi, 2020, Gavana Gavin Newsom aliwaamuru wakazi wote, watu wapatao milioni 40, wabaki majumbani mwao kwa ajili ya UVIKO-19. Hakuna jimbo jingine la Marekani lililokuwa limetangulia kutoa amri kama hiyo. Mikahawa iliachiwa kuuza chakula cha kuchukua tu. Baa na majumba ya sinema yakafungwa. Walioruhusiwa kwenda kazini ni wale walioitwa wafanyakazi wa lazima: waganga, wauguzi, madereva, wauza vyakula, na vibarua wa mashambani.

Karani wa kampuni ya kompyuta alihamishia kazi yake sebuleni, na mshahara ukamfuata huko. Mchuma matunda wa Bonde la Kati alibaki shambani. Mwongozo wa afya ulimtaka mtu aliyekaribiana na mgonjwa ajitenge kwa siku 14, hali sheria ya jimbo ilimhakikishia mfanyakazi siku 3 tu kwa mwaka za likizo ya ugonjwa yenye malipo. Fanyeni hesabu wenyewe, ndugu zangu. Siku 11 zilizobaki, watoto wake wangalikula nini? Mtu wa namna hiyo akificha kikohozi chake, mimi siwezi kumwita mkaidi.

Serikali ya jimbo, kwa haki yake, iliuona upungufu huo. Mwezi Aprili, 2020, iliamuru waajiri wakubwa wa sekta ya chakula, wenye wafanyakazi 500 au zaidi, watoe majuma mawili ya likizo yenye malipo, kwa kuwa sheria ya serikali kuu ilikuwa imewaacha nje. Kwa wahamiaji wasio na hati, ambao ni wengi mashambani na hawakupata msaada wa Washington, ilitenga dola milioni 75, ili mtu mzima apate dola 500. Kwa kodi za nyumba za huko, fedha hizo hazitoshi hata mwezi mmoja.

Mwezi Agosti, 2020, ukaja utaratibu wa rangi nne, kila wilaya na rangi yake, ili mwenye duka ajue anaruhusiwa nini. Kisha, tarehe 6 Novemba, Gavana mwenyewe akaonekana katika karamu ya mkahawa wa kifahari wa Napa, pamoja na watu wa kaya mbalimbali, jambo ambalo serikali yake iliwaasa raia waliepuke. Aliomba radhi. Mwezi Septemba, 2021, wananchi walipiga kura ya kuamua kama aondolewe, naye akabaki.

Likizo zile za dharura zimekwisha muda wake. Sheria ya kudumu, hata hivyo, ilibadilishwa: tangu tarehe 1 Januari, 2024, zile siku 3 zimekuwa 5. Sasa nipo tayari kwa maswali yenu.