Ugomvi wa Yesu na Ugomvi Wetu
Mhadhara wa umma, Yamumbi, Eldoret



Mmeniomba nizungumze juu ya mabishano katika teolojia ya Kikristo na katika maisha ya Yesu. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba ubishi ni dalili ya imani kupoa na kwamba kanisa lenye afya ni lile lisilo na kelele. Leo nitadai kinyume chake. Kanisa halijawahi kuangamia kwa sababu ya kubishana. Limeanguka kila lilipochagua ubishi usio na gharama na kuukwepa ule aliouanzisha Yesu mwenyewe.

Kilichowaudhi watu wa Nazareti

Someni tena sura ya nne ya Luka. Yesu anarudi kwao, anaingia sinagogi siku ya sabato, anapewa chuo cha Isaya. Anasoma, anaketi, anafundisha, na watu wanapendezwa naye. Mpaka hapo hakuna mgogoro wowote, ingawa ameshadai kwamba andiko hilo limetimia siku hiyo. Dai zito namna hiyo juu ya nafsi yake halikuwafanya wainuke vitini.

Wanainuka pale anapowakumbusha mambo mawili waliyoyajua tangu utoto. Wakati wa njaa kuu, Eliya hakutumwa kwa wajane wa Israeli. Alitumwa kwa mjane wa Sarepta, katika nchi ya Sidoni. Na wakoma walikuwa wengi katika Israeli siku za Elisha, lakini aliyetakaswa ni Naamani, Mshami, jemadari wa adui. Basi wakamtoa nje ya mji wamtupe kutoka ukingo wa kilima. Jaribio la kwanza la kumuua Yesu katika Injili ya Luka lilitokana na hoja kwamba baraka za Mungu hazina kabila.

Hoja hiyo haikumwacha. Kisimani, mwanamke Msamaria alimuuliza swali la ardhi takatifu: ni mlima huu wa Gerizimu au ni Yerusalemu? Yesu hakuukabidhi mlima kwa upande wowote. Na katika sura ya tisa ya Luka, kijiji cha Wasamaria kilipokataa kumpokea, Yakobo na Yohana waliomba ruhusa ya kuita moto ushuke uwateketeze wanakijiji. Walikuwa na andiko la kuegemea, maana Eliya aliwahi kufanya hivyo. Yesu akageuka akawakemea. Mnaona basi kwamba tafsiri ya Maandiko inaweza kuwa suala la kufa na kupona, na kwamba wa kwanza kukosea katika jambo hilo walikuwa wanafunzi wa karibu.

Meza ya Antiokia, kauli ya Nikea

Kanisa la kwanza lilirithi ugomvi huo. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba kule Antiokia alimpinga Petro ana kwa ana, kwa kuwa Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, kisha walipofika watu wa kwao akajitenga. Petro hakuwa amebadilisha mafundisho yake. Alikuwa amebadilisha kiti tu. Kwa Paulo, kuhama meza kulitosha kuwa kosa dhidi ya Injili.

Baadaye mabishano yalihamia penye nafsi ya Kristo. Ario, padre wa Alexandria, barani kwetu, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, hata kama ni kiumbe wa kwanza na wa juu kuliko wote. Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea, kwa mwito wa Kaisari Konstantino, wakakiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Mwaka 451, Kalkedonia, wakaongeza kwamba ana asili mbili katika nafsi moja, na makanisa ya Misri na Ethiopia yakakataa kauli hiyo. Siyadharau mabishano haya. Ikiwa aliyetundikwa msalabani si Mungu kweli, basi Mungu hajawahi kuyaonja mateso ya maskini. Lakini angalieni pia jambo jipya lililoingia Nikea: dola ikawa mwamuzi, na aliyeshindwa katika hoja akapelekwa uhamishoni.

Askofu wa Zanzibar na mabishano mawili

Mfano wetu wa Afrika Mashariki unafundisha kuliko yote. Mwezi Juni 1913, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana katika misheni ya Waskoti huko Kikuyu kupanga ushirikiano. Walipomaliza, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu katika kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakaipokea meza. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alipopata habari alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa uzushi na mfarakano. Weston hakuwa mtu mwepesi. Mwaka 1907 alikuwa ametoa kitabu, *The One Christ*, juu ya namna Mwana wa Mungu alivyojiwekea mipaka katika ubinadamu. Uingereza nzima ikazungumza juu ya Kikuyu. Magazeti yalijaa barua, na jibu rasmi la Canterbury lilitoka mwaka 1915, vita vikuu vikiwa vimeshaanza. Waafrika waliokuwa wakihubiriwa Injili hiyo hawakuulizwa kitu.

Miaka sita baada ya Kikuyu kukazuka mabishano ya pili. Mwaka 1919 serikali ya Gavana Northey ilitoa waraka ukiwataka maafisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila aliyeishi chini ya chifu alijua kuhimizwa huko ni kusukumwa. Willis, Heywood aliyemrithi Peel, na Dakta Arthur wa misheni ya Waskoti waliandika maoni yao. Walionya juu ya dhuluma, lakini wakakubali kazi ya lazima kwa serikali, mradi iwekewe sheria na mipaka. Weston akawapinga kwa kijitabu, *The Serfs of Great Britain*, mwaka 1920, akisema kulazimishana kazi ni utumwa, na Ukristo hauwezi kuubariki. Mwaka 1921 serikali ya London ikawazuia maafisa wake kuwakusanyia walowezi vibarua.

Sasa pimeni. Ni karibu watu walewale. Katika ugomvi wa kwanza Weston alitaka kuifunga meza, na mimi naona alikosea. Katika wa pili yeye ndiye aliyesimama na Yesu wa Nazareti, na waliokuwa wakarimu mezani wakayumba shambani. Mwaka 1923, akihutubia mkutano mkuu London, Weston aliyaunganisha mabishano yake mawili: hakuna anayeweza kudai kumwabudu Yesu katika sakramenti huku akimpita Yesu katika vitongoji vya maskini. Hata hivyo historia ya kanisa inayofundishwa vyuoni inaupa ugomvi wa 1913 kurasa nyingi, na ule wa 1919 aya moja, ukibahatika. Nasi tunaokaa Uasin Gishu, nchi iliyokatwa mashamba ya walowezi tangu Makaburu walipofika na magari yao ya ng'ombe mwaka 1908, ndio tuliopaswa kuuchunguza zaidi huo wa pili.

Mhenga wa ukoo upi?

Wanateolojia wetu wenyewe waliuliza swali la Nikea kwa lugha ya nyumbani. Padre Charles Nyamiti wa Tanzania, katika *Christ as Our Ancestor* mwaka 1984, alimweleza Kristo kuwa Mhenga wetu. Kabla yake, Byang Kato wa Nigeria, aliyeongoza umoja wa makanisa ya kiinjili ya Afrika kutoka Nairobi hadi kifo chake mwaka 1975, alikuwa ameonya kwamba teolojia ya namna hii huenda ikaimeza Injili ndani ya mila. Swali langu ni jingine. Mhenga ni wa ukoo. Ikiwa Yesu ni mhenga, anatambikiwa na nani, na analinda shamba la nani? Nyamiti aliliona tatizo hilo, akasema uhenga wa Kristo unavuka mipaka ya ukoo, kabila na rangi. Kwenye karatasi jibu lake ni zuri. Katika mashamba yetu halijatekelezwa.

Januari 2008

Hatuwezi kusema haya Yamumbi na kuiruka miezi ile. Mashamba ya walowezi yaliponunuliwa baada ya uhuru, majirani wa asili mbalimbali walijikuta wakipakana, na kila upande ulikuwa na hadithi yake ya haki: huyu alinunua kwa jasho, yule aliporwa kabla mnunuzi hajazaliwa. Vurugu za miaka ya tisini zilikwisha kutuonya. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007, maneno kama "madoadoa", yaani majirani wa kabila jingine, yakawa amri ya kuwafukuza. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kenya Assemblies of God huko Kiambaa lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Jina la Yamumbi likaandikwa katika hati za mashtaka kule The Hague, pamoja na Huruma, Kiambaa, Kimumu na Langas, katika kesi ambayo majaji waliisimamisha Aprili 2016 bila hukumu ya hatia wala ya kuachiliwa.

Mchomaji na mchomewa wangeweza kukiri Imani ya Nikea neno kwa neno. Hawakutofautiana juu ya asili ya Kristo. Walitofautiana juu ya swali la Nazareti, na swali hilo halikuwa limehubiriwa, kwa kuwa wahubiri wenyewe walikuwa na upande. Februari 2008 viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, walikiri hadharani kwamba walielemea upande na wakaomba radhi. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Palikuwa na njia nyingine. Askofu Mkatoliki wa Eldoret, Cornelius Korir, alifungua uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu kwa maelfu ya waliokimbia. Kisha akafanya lililo gumu zaidi, akawarudisha watu kwenye mabishano. Kitabu chake *Amani Mashinani*, cha mwaka 2009, kinaeleza hatua 12: vikundi vidogo kwanza, kila jamii ikae peke yake itoe uchungu wake na kupanga ajenda, ndipo pande mbili zikutane, zikubaliane kwa maandishi, na zijenge pamoja kitu ambacho kila mmoja atakihitaji, kama barabara au josho. Korir hakuwaambia watu wasahau. Aliwapa mahali pa kugombana bila panga.

Napendekeza basi mambo matatu kwa makanisa ya hapa. Moja, Luka 4 na Luka 9 zihubiriwe mapema, mwaka mzima kabla ya kila uchaguzi, na mhubiri ataje majina ya makabila yetu penye Sarepta na Samaria. Mbili, mapadre na wachungaji wabadilishane mimbari kuvuka mpaka wa lugha, maana ibada nyingi zetu zimegawanyika kwa lugha kuliko kwa mafundisho. Tatu, historia ya ardhi ya Uasin Gishu, ya walioporwa na ya walionunua, ifundishwe katika vikao vya kanisa, wenye hadithi zote mbili wakiwa wameketi chumba kimoja.

Najua la tatu litaleta kelele, na najua wapo humu wanaoamini vidonda vya ardhi viachwe vipoe vyenyewe. Bwana mwenyekiti, ukifungua maswali, naomba hao ndio uwape nafasi ya kwanza.