Mtoto, Msichana na Jikedume: Lugha na Uhuru wa Utotoni Mkoani Singida

Sarufi ya Kiswahili haibagui jinsia. Katika sentensi "Mtoto amepanda mti", kiambishi a- hakimfahamishi msikilizaji iwapo aliye juu ya mti ni wa kike au wa kiume. Upambanuzi huo huletwa na msamiati, na nyuma ya msamiati ipo desturi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba msichana mwenye hulka ya kukwea, kukimbia na kushindana hana jina la heshima katika Kiswahili, na kwamba upungufu huo una gharama.

Neno lililo karibu ni jikedume. Limeundwa kwa jike na dume, maneno ambayo kwa kawaida hutumika kwa wanyama. Anayeitwa hivyo hutengwa, kimaana, na watu. Aidha, neno hilo humlenga mwanamke mzima. Likielekezwa kwa mtoto wa miaka 8, humhukumu kwa utu uzima asioufikia. Mwelekeo huo si mgeni katika lugha: mkono wa kulia umeitwa mkono wa kuume, na wa kushoto mkono wa kuke, kana kwamba nguvu na ustadi vina jinsia.

Mkoa wa Singida, unaosifika kwa asali, unalidhihirisha jambo hili. Mizinga ya asili hutundikwa juu ya miti, na kupanda kwenda kurina kumehesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Kwa hiyo mvulana akikwea mti huonekana anajifunza kazi. Msichana akikwea mti uleule huambiwa hana haya. Hata hivyo, katika kaya isiyo na mvulana wa kuchunga mbuzi, binti hupewa fimbo akachunga, wala haitwi jikedume. Mpaka unaodaiwa kuwekwa na maumbile husogezwa na mahitaji ya kaya.

Historia ya Wanyaturu inautikisa mpaka huo zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Liti Kidanka, mwanamke, aliongoza upinzani dhidi ya Wajerumani. Masimulizi ya wenyeji yanaeleza kwamba silaha yake ilikuwa nyuki, aliowaelekeza kwa askari wa adui. Uwanja wa mpira wa miguu mjini Singida, uliojulikana kwa jina la Namfua, sasa unaitwa Liti. Hapa pana kitendawili: Liti huitwa shujaa, ilhali binti wa leo anayeonyesha uthubutu huohuo hukanywa. Jamii inayavuna matunda ya hulka ambayo huing'oa ikiwa bado mche.

Gharama yake haiishii katika maneno. Mara nyingi uhuru wa msichana huvumiliwa mpaka avunje ungo. Baada ya hapo huanza kutazamwa kama mke mtarajiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliutia mtazamo huo katika maandishi: mwanamume aliruhusiwa kuoa akiwa na miaka 18, msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu husika vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Miaka mitatu ile ilikuwa kipimo cha utoto ambao mvulana alibakishiwa na msichana akanyang'anywa.

Kamusi haiundi desturi, lakini huipa kibali. Wanaleksikografia wanaweza kuanza kwa kuonyesha wazi matumizi ya kubeza ya neno jikedume, badala ya kuliacha lionekane kama maelezo tu. Aidha, kabla ya kubuni istilahi mpya, inafaa watafiti wakusanye majina ambayo Kinyaturu, Kinyiramba na lugha jirani humpa msichana wa aina hii; huenda lipo linalomsifu. Mpaka hapo, Kiswahili kina neno lisilomwonea yeyote aliye juu ya mti: mtoto.