Nauli ya Kliniki Iko Mfukoni mwa Nani?

Msikilizaji, chanjo za watoto Tanzania ni bure, na wengi wetu tunalijua hilo. Leo nataka tuzungumzie kile kisicho bure: bodaboda ya kwenda na kurudi, siku nzima nje ya shamba, na maswali yanayomsubiri mama akifika nyumbani.

Baada ya chanjo za kuzaliwa, mtoto anarudi kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kisha miezi 9, sindano ya kwanza ya surua na rubella, na miezi 18, ya pili. Safari zote hizo tunamwachia mama, wakati katika nyumba nyingi pesa ziko kwa baba na ruhusa iko kwa mama mkwe.

Tuanze na usiku wa wiki ya 6. Sindano ya Penta, inayokinga kifaduro, dondakoo, pepopunda na mengine, inaweza kuleta homa na kuvimba paja. Kwa kawaida homa hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Lakini usiku ule mtoto analia mpaka alfajiri, nyumba nzima haijalala, na baba anauliza: "Umempeleka mzima, mbona umemrudisha mgonjwa?" Mama hana la kujibu, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na nesi hakupata nafasi ya kumweleza. Wiki ya 10 inafika, kadi iko sandukuni.

Wanaovuka hapo hukutana na miezi 18. Mtoto anatembea, anakula ugali, na mama huenda ni mjamzito tena. Kama ni Tabora, tumbaku inamsubiri shambani. Nyumbani wanasema huyu kliniki ameshamaliza. Hajamaliza! Kati ya watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi 9, wapatao 15 hawapati kinga kwa dozi ile ya kwanza, na kwa kumtazama huwezi kujua ni yupi.

Tena kuna hili: kichupa kimoja cha surua mara nyingi kina dozi 10, na kikishafunguliwa hakipaswi kutumika zaidi ya saa 6. Mama akifika peke yake, huenda akaambiwa arudi siku watoto watakapokuwa wengi. Nauli ya pili ataiomba kwa nani, na kwa maneno gani?

Mwaka 2022, polio ilipogunduliwa Malawi, wachanjaji wetu walipita nyumba kwa nyumba na matone. Mama hakuhitaji nauli wala ruhusa ya safari. Ndiyo maana naziomba halmashauri zisikatize kliniki za mkoba, zinazowafuata akina mama vijijini, hasa msimu wa kilimo.

Na wewe baba unayenisikiliza, omba kadi ya mtoto usiku huu, uisome mwenyewe. Toa nauli kabla hujaombwa. Homa ikija, kesha na mwenzako. Ukikuta tarehe imepita, mpelekeni hivyo hivyo. Chanjo alizokwisha kupata hazipotei, ataendelea pale alipoishia. Nanyi wauguzi, nawasihi, mama huyo aliyechelewa msimfokee mbele ya wenzake. Mwelezeni kuhusu homa, mpangieni tarehe, na kama amekuja na mumewe, mwiteni naye asikie.