Mfadhili Akihama, Nani Hubaki? Mafunzo ya Kuanguka kwa Ukomunisti kwa Vijana wa Lodwar na Kakuma

(Mada iliyotolewa kwa vijana katika darasa la Ramadhani, Turkana)



Ndugu zangu vijana, dada zetu, wazazi wetu mliotuheshimu kwa kuja, na wewe msomaji utakayeisoma mada hii nyumbani ukingojea adhana ya magharibi: shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwezi huu mtukufu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w).

Najua kuna kijana anajiuliza, "Ukomunisti na sisi wapi na wapi? Hayo si mambo ya Urusi na baridi yake?" Swali zuri. Jibu langu ni fupi: kama Umoja wa Kisovieti usingeanguka wakati ule ulipoanguka, huenda kambi ya Kakuma isingekuwapo. Na jirani yako wa Kisomali, wa Kihabeshi au wa Sudan Kusini pengine hungemjua maisha yako yote. Basi tulieni, tuanze mwanzo.

UKOMUNISTI KWA MAJIRANI ZETU

Tazama ramani. Turkana imepakana na Ethiopia, Sudan Kusini na Uganda, na Somalia iko upande wa pili wa Kenya. Katika nchi hizo, mbili zilikuwa na serikali zilizofuata siasa ya Kikomunisti waziwazi.

Ya kwanza ni Somalia. Jenerali Mohamed Siad Barre alichukua nchi kwa mapinduzi Oktoba 1969, na mwaka uliofuata akatangaza kuwa Somalia inafuata ujamaa wa kisayansi. Ya pili ni Ethiopia. Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa Mfalme Haile Selassie, wakaunda serikali iliyojulikana kama Derg. Baadaye Mengistu Haile Mariam akawa ndiye mwenye kauli ya mwisho. Wapinzani wengi mno, na wengi wao vijana wa shule, waliuawa mwaka 1977 na 1978 katika kile kilichoitwa Ugaidi Mwekundu.

Tuseme haki, maana Mwislamu ameamrishwa kusema haki hata juu ya asiyempenda. Serikali hizo hazikufanya mabaya matupu. Somalia ndiyo iliyoipatia lugha ya Kisomali maandishi rasmi mwaka 1972, kisha wanafunzi wakatumwa vijijini kuwafundisha watu kusoma. Derg nayo iliwanyang'anya makabaila ardhi mwaka 1975, na wakulima wengi, Waislamu wakiwamo, wakaacha kuwa vibarua wa bwana shamba. Na ni Derg iliyozitambua Idi zetu kuwa sikukuu za taifa, jambo ambalo wafalme hawakulifanya.

Lakini mkono uliotoa ndio huo huo uliobana. Ethiopia ya Derg, kwenda hija kukawa shida, vitabu vya dini kuingia nchini kukawa shida, na kila jumuiya iliyotaka kusimama yenyewe ilishukiwa. Somalia, Januari 1975, masheikh kumi waliuawa kwa kupigwa risasi kwa kuipinga sheria mpya ya familia. Hatujakaa hapa kuijadili sheria ile. Tunasema kwamba mtu aliuawa kwa maneno aliyoyasema, na Waislamu ndio wengi katika nchi hiyo.

MFADHILI MMOJA, MARAFIKI WAWILI

Sasa sikilizeni kisa hiki kwa makini, maana ndicho kiini cha mada.

Mwanzoni rafiki mkubwa wa Urusi katika pembe hii ya Afrika alikuwa Somalia. Silaha zilitoka Urusi, wakufunzi walitoka Urusi. Julai 1977 Somalia ikaingia Ogaden kupigana na Ethiopia. Urusi ikapima faida yake, ikaona Ethiopia ni nchi kubwa zaidi, ikahamia huko. Novemba 1977 Siad Barre akawafukuza Warusi. Lakini silaha zilishaanza kumiminika Addis Ababa, na maelfu ya askari wa Cuba wakaja kuipigania Ethiopia. Machi 1978 jeshi la Somalia likarudi nyuma limeshindwa.

Siad Barre naye akageuka akawakimbilia Wamarekani, akawapa nafasi ya kutumia bandari ya Berbera. Mwaona? Jana kulikuwa na picha za Lenin barabarani, leo anamwita Mmarekani ndugu. Wala haikuwa kwamba Marekani imempenda Msomali au Urusi imempenda Mhabeshi. Kila mmoja alikuwa anatafuta pa kuweka mguu wake.

Kisha hali ya dunia ikabadilika. Miaka ya mwisho ya 1980, Gorbachev alipoona Urusi imechoka, akapunguza mkono wake kwa Mengistu. Marekani nayo, ushindani ulipopungua, haikumhitaji tena Siad Barre. Na mfadhili akihama, nyumba iliyosimama kwa nguzo yake hukaaje? Siad Barre alikimbia Mogadishu Januari 1991. Mengistu akakimbilia Zimbabwe Mei 1991. Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti wenyewe ukavunjika. Mwaka mmoja tu, ndugu zangu, watatu chini!

ILIVYOFIKA TURKANA

Upepo huo haukukaa miji mikuu. Ulikuja mpaka hapa.

Mengistu alikuwa akiwasaidia wapiganaji wa SPLA wa kusini mwa Sudan, na katika ardhi ya Ethiopia kulikuwa na kambi za wakimbizi kutoka huko, kama Itang na Pinyudo. Alipoanguka tu, kambi zikavunjika. Watu walikimbia kurudi Sudan, na wengi walikufa wakivuka mto Gilo, wengine kwa maji na wengine kwa risasi. Kati yao kulikuwa na maelfu ya watoto wa kiume wasio na baba wala mama. Walitembea mwezi baada ya mwezi, hadi mwaka 1992 wakaingia Kenya kupitia Lokichoggio. Kwa ajili yao kambi ya Kakuma ikafunguliwa mwaka huo huo. Karibu 4,000 kati ya vijana hao walipelekwa Marekani mwaka 2000 na 2001.

Nyuma yao wakaja Waethiopia, na kambi za Mombasa zilipofungwa miaka hiyo ya 1990 wakaletwa Wasomali. Waliokuwa maadui katika vita vya Ogaden sasa wanapanga foleni moja ya maji! Mmoja akafungua duka la jumla, mwenzake akapika injera na kahawa, na Mturkana akaleta kuni, makaa na mbuzi.

Wenyeji nao walifikiwa kwa njia nyingine. Bunduki ya AK-47 ni ya Kirusi. Ilifika kwa wafugaji wa mipaka hii kwa njia kadhaa: ghala la silaha la Moroto, Uganda, lilivunjwa Amin alipoanguka mwaka 1979, vita vya Sudan vikaleta nyingine, na jeshi la Mengistu liliposambaratika mwaka 1991, askari wengi waliondoka na silaha zao wakaziuza. Wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki ukawa wa risasi. Mzee wa Kiturkana aliyeupoteza ukoo mzima kwenye uvamizi hajawahi kuiona Moscow, wala Moscow haimjui. Lakini bei ya ugomvi wa wakubwa ameilipa yeye. Kwa hiyo, kijana wa kambini, usimwone mwenyeji kuwa ni mtu ambaye hakupatwa na kitu. Na wewe kijana wa Lodwar, usimwone mkimbizi kuwa ni mtu aliyekuja kula tu. Mmepigwa na fimbo moja.

BAADA YA KUFUNGULIWA

Ukomunisti ulipoondoka, watu waliishije? Albania walipiga marufuku dini yote mwaka 1967, wakafunga misikiti na makanisa. Unajua kilichotokea Novemba 1990? Katika mji wa Shkodër watu walikusanyika msikitini wakaswali hadharani baada ya miaka 23. Mabibi walikuwa wameihifadhi dini jikoni, wakiwafundisha wajukuu kwa siri. Dola yenye jeshi na magereza ilishindwa na mabibi!

Ethiopia nako, baada ya 1991, misikiti ilijengwa, vitabu vikaingia, mahujaji wakaongezeka, na Waoromo wakaanza kusoma shuleni kwa lugha yao.

Lakini tusijidanganye kwamba kufunguliwa peke yake kunatosha. Bosnia ilikuwa ndani ya Yugoslavia ya Kikomunisti. Ulipoondoka ukomunisti watu hawakupata amani, wakapata wanasiasa wa kuwachochea kwa kabila na dini. Julai 1995, Srebrenica, wanaume na wavulana wa Kiislamu takriban 8,000 waliuawa kwa siku chache. Somalia ilipoachwa bila serikali, watu wa dini moja na lugha moja waligawanyika kwa koo. Na Ethiopia, vita vilivyoanza Tigray Novemba 2020 viliharibu hata msikiti wa Negash, katika ile ardhi ya Najashi aliyewapokea Waislamu wa kwanza walioikimbia Makka.

Kumbukeni hilo, wapendwa. Wakimbizi wa kwanza wa umma huu walikwenda Habasha, wakahifadhiwa na mfalme Mkristo kwa sababu ya uadilifu wake. Basi kijana wa Kiislamu anayemcheka mkimbizi, anamcheka nani?

LEO NI ZAMU YA NANI?

Hapa ndipo penye uzito. Msije mkadhani kuhama kwa wafadhili kuliisha mwaka 1991. Nani hapa hakumbuki Lokichoggio? Tangu 1989 ulikuwa mji wa ndege za msaada, mchana kutwa zikiruka kwenda Sudan. Mkataba wa amani ulipotiwa saini mwaka 2005, mashirika yakahamia Juba, na mji ukanyamaza. Vijana waliokuwa na ajira wakabaki na vyeti na vumbi.

Na mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Shirika la Chakula Duniani likapunguza mgao Kakuma, na watu wenye njaa wakaandamana. Mwezi Machi mwaka huo serikali ya Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kudumu ambamo wenyeji na wageni watatumia shule, hospitali na soko kwa pamoja. Mama aliyekuwa akipata unga kwa hisabu sasa anahesabu mara mbili. Kambi iliyozaliwa kwa kuondoka mfadhili mmoja, inajaribiwa kwa kuondoka mwingine.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa masikini. Hatusemi msaada ni haramu, la. Mwenye njaa apokee, na aliyetoa Mungu amlipe. Tunasema usijenge nyumba yako yote juu ya nguzo ya mtu mwingine.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tujenge vyetu hata viwe vidogo. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) mwaka 2018 ulikadiria kuwa uchumi wa Kakuma una thamani ya dola milioni 56 kwa mwaka, na maduka zaidi ya 2,000. Hizo si hesabu za watu wa kuomba tu. Kijana, shika ufundi: kushona, kuchomelea, umeme wa jua, kutengeneza pikipiki. Vikundi vya kuwekeana akiba mnavyo. Visiishie kununua nguo za Idi.

Pili, zaka na sadaka ziwe na mpango. Zakatul fitri ni pishi moja kwa kila kichwa. Ikitolewa kiholela, mjane mmoja hupata magunia na mwingine hupata salamu. Vijana, andikeni majina mapema, mtaa kwa mtaa, Lodwar na Kakuma. Na sadaka ya kawaida haina mpaka: jirani yako asiye Mwislamu aliyelala njaa ana haki ya ujirani juu yako.

Tatu, tuwafundishe watoto nyumbani. Albania walifunga kila mlango wakausahau wa jikoni. Mzazi, madrasa ikifungwa kesho kwa kukosa mshahara wa mwalimu, mwanao atabaki na nini ulichomfundisha wewe?

Nne, tujihadhari na mtu anayekuja na bendera. Jana bendera ilikuwa nyekundu, leo ina rangi nyingine, pengine hata imeandikwa maneno ya dini. Muulize: ukiondoka wewe, sisi tutabaki na nini? Akishindwa kujibu, mkaribishe futari, kisha umsindikize kwa heshima.

Ndugu zangu, Urusi ilihama, Marekani imehama, na mwingine atakuja naye atahama. Jirani yako hahami. Ndiye atakayekuchimbia kaburi na ndiye utakayemchimbia lake. Mjueni kabla ya Idi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azikubali funga zetu, awarehemu waliokufa njiani wakitafuta usalama, na aujaalie mji huu uwe wa amani kwa mwenyeji na mgeni. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.