BARUA ILIYOCHELEWA

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: BARUA, KIBURI, SUBIRA. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti. Vema.

Juma lililopita tulijifunza kuandika barua. Leo tutasikia habari za barua moja, kisha nitawapa kazi ya kuandika nyingine.

Kwanza nawaulizeni: je, umepata kusikiliza hadithi mpaka mwisho, nawe ukaona moyo haukutosheka? Ukajiuliza, "Je, kama yule bwana angalirudi mapema, ingalikuwaje?" Kama umejiuliza hivyo, basi umekwisha anza kutunga. Wako watu wengi ulimwenguni wafanyao kazi hiyo. Huchukua watu waliomo katika kitabu cha mwandishi mwingine, wakawatungia mambo mapya. Sisi tutaiita kazi hiyo hadithi ya kuendeleza. Na jambo moja wanalolipenda sana watungaji hao ni hili: wapenzi wawili walioachana, wakakaa mbali miaka mingi, kisha wakapatana.

Kiko kitabu kimoja cha Uingereza kilichowapa watungaji hao kazi nyingi. Jina lake ni Persuasion. Aliyekiandika ni mwanamke, Jane Austen. Alifariki mwezi wa Julai 1817, na kitabu kikatoka mwisho wa mwaka huo, yeye mwenyewe hayupo. Sikilizeni yaliyomo.

Anne Elliot alikuwa binti wa bwana mwenye cheo na ardhi. Mwaka wa 1806, alipokuwa na umri wa miaka 19, alichumbiwa na kijana wa manowari, Frederick Wentworth. Walipendana sana. Lakini Wentworth hakuwa na mali. Baba yake Anne hakumtaka, na Lady Russell, rafiki wa marehemu mama yake, alimshauri Anne auvunje uchumba. Anne alimheshimu mama huyo kama mzazi. Akakubali. Wentworth akaondoka kwa hasira na uchungu.

Ilipita miaka minane. Wentworth akawa nahodha, akapata paundi 25,000 kwa kuteka merikebu za adui vitani. Baba yake Anne naye aliishi kwa madeni, hata ikambidi aipangishe nyumba yake. Na tazameni mambo ya dunia! Mpangaji alikuwa amiri ambaye mkewe ni dada yake Wentworth. Basi wale wawili wakaonana tena.

Je, walipatana siku ile? Hata kidogo. Wentworth alisema kwamba Anne amebadilika mno, hata asingalimtambua. Maneno hayo yakamfikia Anne. Wentworth akawa anazungumza na kucheka na wasichana wengine mbele yake, na Anne akanyamaza. Siku moja huko Lyme, kando ya bahari, msichana mmoja wao, Louisa, aliruka kutoka ngazi za ukuta wa bandari, akaanguka, akazimia. Watu wote walibabaika. Aliyetulia na kusema la kufanya alikuwa Anne. Hapo Wentworth akaanza kuona thamani ya aliyemwacha.

Mwisho walikutana katika mji wa Bath, ndani ya hoteli. Wentworth alikuwa mezani akiandika barua. Karibu naye Anne alizungumza na nahodha mwingine: ni nani adumuye zaidi katika mapenzi, mwanamume au mwanamke? Anne alisema kwamba mwanamke hudumu kupenda hata tumaini linapokuwa limekwisha. Kabla ya maneno hayo, wakiwa bado wanazungumza, kalamu ya Wentworth ilikuwa imeanguka. Alikuwa amesikia! Mbele ya watu wale hakuweza kusema neno. Basi akachukua karatasi nyingine, akamwandikia Anne yote yaliyokuwa moyoni mwake. Akatoka, akarudi kama mtu aliyesahau glavu zake, akamwekea Anne barua, akaenda zake. Anne akaisoma. Baadaye wakakutana njiani, wakatembea pamoja, na yale ya miaka minane yakaisha.

Sasa sikilizeni jambo la maana kuliko yote. Walipokuwa wakitembea, Wentworth alimwuliza Anne hivi: mwaka wa 1808, alipopata fedha zake za kwanza na kupewa manowari, kama angaliandika barua, je, Anne angalikubali? Anne akamjulisha kwamba angalikubali bila shaka. Lakini Wentworth hakuandika. Alizuiwa na kiburi. Barua moja haikuandikwa, na miaka sita ikapotea. Majuto ni mjukuu.

Hapa ndipo watungaji wa hadithi za kuendeleza wanapoingia. Wako walioiandika hadithi kana kwamba Wentworth alituma barua ile mwaka wa 1808. Wako waliosimulia mambo yale yale kwa macho ya Wentworth, maana kitabu chatuonyesha zaidi moyo wa Anne. Wala msidhani kubadili mwisho ni kosa. Jane Austen mwenyewe alibadili! Mwezi wa Julai 1816 aliandika mwisho mwingine, ambamo wapenzi wanapatana nyumbani kwa amiri, pasipo barua ile ya hotelini. Hakuridhika. Akaandika upya, akatia barua. Karatasi zake za mwisho ule wa kwanza zipo mpaka leo.

Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, ukitumia watu wa mwandishi mwingine, mtaje mwenyewe, usiseme ni wako. La pili, usiwapatanishe upesi. Aliyeumizwa hasahau kwa neno moja. Wentworth alikuwa na haja ya kuona, kisha kusikia, kisha kukiri kosa lake. Ukiruka hatua hizo, msomaji hatakusadiki.

Sasa fungueni madaftari. Jibuni maswali haya:

1. Kwa nini Anne aliuvunja uchumba?
2. Wentworth alizuiwa na nini mwaka wa 1808?
3. Kwa nini Wentworth aliandika badala ya kusema?

Kisha fanya kazi hii. Wewe ni Wentworth, na mwaka ni 1808. Mwandikie Anne barua ya mistari kumi. Anza kwa salamu. Mweleze hali yako. Kiri kosa lako. Uliza unalotaka kuuliza. Tia jina lako.

Ndugu wanafunzi, asiyejua kuandika hana budi kumwita mtu amwandikie, na siri ya moyo husikiwa na mtu wa tatu. Ndiyo maana barua nyingi za namna hii hazikuandikwa kamwe. Ninyi sasa mnayo kalamu, na mnajua kuitumia. Na kama katika kuandika barua ya Wentworth utamkumbuka mtu wako mwenyewe, mke, mume, au ndugu mliyeachana kwa ugomvi, basi usifunge daftari. Geuza ukurasa, uandike ya pili. Hiyo usimwonyeshe mwalimu. Ipeleke posta.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.