KUTOKA HOSPITALI SI KUPONA



Sisi wa reli ipitayo Kajiado hatukuja kufundisha udaktari. Tumekuja kusema yaliyotupata. Mwenzetu alichomwa mguuni na msumari wa reli, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Siku ya nne akatetemeka, akahema mbio, maneno yake yasieleweke. Ugonjwa huo huitwa sepsisi: mwili hupigana na vijidudu hata ukajidhuru wenyewe. Mwaka 2017 uliwapata watu karibu milioni 49 duniani, na milioni 11 wakafa.

Mwenzetu alitoka hospitali, akarudi kazini upesi. Baada ya miezi miwili akalazwa tena, safari hii kwa homa ya mapafu.

Tuliambiwa hivi. Katika damu mna chembe ziitwazo seli T za kumbukumbu. Hizo huyajua maradhi ya zamani, kama mzee wa genge ajuavyo kila taruma bovu. Sepsisi huua nyingi. Baadaye hesabu yaweza kurudi, lakini nguvu yake si ile ya kwanza. Genge limejaa, wajuzi ni wachache. Ugonjwa mpya hupata njia.

Basi ndugu, kila jeraha tulioshe kwa maji safi na sabuni, mnyapara aliandike kitabuni, nasi twende zahanati mapema. Na chama chetu kidai mapumziko ya kutosha kwa aliyeugua. Umoja ni nguvu.